Motokaa Irukayo Dereva Anapoachia Mafuta

Juma hili tumeletewa swali na msomaji mmoja akaaye Kilifi, mwenye motokaa ya namna ambayo si wengi kati yetu wamepata kuifungua boneti. Ni Mazda RX-8 ya gia za mkono, na injini yake si ya pistoni bali ni ya kuzunguka. Asema kwamba akienda mbio motokaa hutulia kama mashua yenye upepo wa nyuma. Lakini aondoapo mguu juu ya mafuta ili kupunguza mwendo, hasa akikaribia matuta ya barabarani au kuingia mjini, huanza kustuka-stuka ikamtupa mbele na nyuma, hata abiria wakamwuliza kama ndiyo kwanza anajifunza. Amekwisha kuipeleka kwa fundi. Fundi aliisikiliza kwa dakika chache, akatikisa kichwa, akasema, "Injini imekwisha," kisha akataka arubuni ya kutafuta injini ya pistoni ya kutia mahali pake. Swali la msomaji wetu ni fupi: je, alipe?

Jibu letu ni fupi vile vile: asilipe bado. Yawezekana kwamba fundi amesema kweli. Lakini neno kubwa namna hiyo halistahili kutamkwa kabla ya mambo madogo kupimwa na kuandikwa. Tena yafaa kukumbuka kuwa motokaa hizi haziongezeki nchini. RX-8 ya mwisho ilitengenezwa mwaka 2012, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyozidi miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Kwa hesabu hiyo mlango umekwisha fungwa. Mtu akiitoa injini nzima kwa kosa la kifaa kidogo, ameharibu kitu ambacho hatapata kingine kwa urahisi.

Kwanza tuielewe injini yenyewe, maana asiyejua maana haambiwi maana. Ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1988. Injini ya kwanza ya majaribio iliwashwa katika kiwanda cha NSU mwaka 1957, na mwaka 1964 kiwanda hicho kikaanza kuuza motokaa ndogo iliyoitwa Spider yenye injini hiyo. Wajapani wa Mazda, mjini Hiroshima, walipata ruhusa ya kuitengeneza, wakatoa Cosmo Sport mwaka 1967, RX-7 mwaka 1978, na RX-8 tangu mwaka 2003. Mwaka 1991 motokaa ya Mazda yenye injini ya namna hii ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Basi anayesema kwamba ni injini ya mchezo tu hajui habari zake.

Ndani yake hamna pistoni ipandayo na kushuka, wala hamna vali. Mna rota, nayo ni kipande cha chuma chenye pembe tatu na mbavu tatu zilizotuna, kizungukacho ndani ya nyumba yenye umbo kama la namba nane iliyonenepa kiunoni. Kila ubavu kwa zamu yake huvuta hewa na petroli, huibana, huwashwa, kisha husukuma moshi nje. Rota ikimaliza mzunguko mmoja, shafti imezunguka mara tatu. Katika ncha ya kila pembe pana kipande chembamba cha kuzibia, ambacho mafundi hukiita sili ya ncha. Kazi yake ni kama ile ya ringi za pistoni. Injini ya RX-8 ina rota mbili, na kila rota ina plagi mbili, ya kutangulia na ya kufuata. Plagi hizo mbili hazifanani, wala haifai kuzibadilishana mahali. Jumla ni plagi nne, na kila moja ina koili yake.

Sasa tuje kwenye kule kustuka. Atazame mtu mashua inayovutwa na nyingine katika hori la Kilifi. Kamba ikiwa imekazika, mashua ya nyuma hufuata kwa utulivu. Ile ya mbele ikipunguza mwendo, kamba hulegea. Ikivuta tena, kamba hukazika kwa ghafula na mashua ya nyuma hustuka. Motokaa nayo ina kamba yake, ila ni ya chuma: klachi, giaboksi, propela shafti, difu na shafti za magurudumu. Unapokanyaga mafuta, injini huyavuta magurudumu. Unapoachia, mambo hugeuka, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Katika kugeuka huko kila uwazi uliomo kati ya meno ya gia, na kila mpira uliolegea, hupigwa mara moja. Nguvu ikigeuka mara moja tu, utasikia kishindo kimoja. Ikigeuka mbele na nyuma mara nyingi kwa nukta chache, ndipo motokaa inapocheza kama punda asiyetaka mzigo.

Ni nini kinachoifanya nguvu igeuke-geuke? Katika motokaa za siku hizi kompyuta hukata petroli dereva anapoachia mafuta ilhali injini ingali ikizunguka kwa kasi. Mzunguko unaposhuka karibu na ule wa kusimama, petroli hurudishwa ili injini isizimike. Kukata na kurudisha huko kukienda sawa, dereva hahisi kitu. Kukienda kombo, kwa sababu ya hewa ya wizi, sensa chafu au cheche dhaifu, injini huwaka na kuacha, huwaka na kuacha, na motokaa nzima hufuata.

Injini ya kuzunguka ina tabia yake pia. Katika RX-7 tundu la moshi limewekwa katika ukuta wa nyumba ambao ncha za rota hupita juu yake. Kwa muda mfupi tundu hilo na lile la kuingizia hewa huwa wazi pamoja, na moshi wa zamani huchanganyika na hewa mpya. Mafuta yakiwa mengi haidhuru. Lakini mlango wa hewa ukikaribia kufungwa, moshi huo huwa mwingi kuliko hewa safi, na mara nyingine mchanganyiko hukataa kuwaka. Wajerumani wa NSU waliyajua mambo haya. Motokaa yao kubwa, Ro 80 ya mwaka 1967, haikuwa na klachi ya kawaida peke yake. Kati ya injini na gia waliweka pia chombo cha oili kipitishacho nguvu kwa ulaini, na mistuko ilimezwa humo. Motokaa ya gia za mkono haina chombo hicho. Sahani ya klachi hushika moja kwa moja, na dereva huhisi kila kitu.

Katika RX-8 Wajapani waliyahamisha matundu ya moshi hadi katika kuta za ubavuni, hata matundu mawili yasiwe wazi pamoja. Hii ndiyo sababu jambo moja lisihukumiwe sawa katika motokaa zote mbili. RX-7 ya zamani ikistuka kidogo katika mwendo wa polepole, huenda ni tabia ya kuzaliwa nayo. RX-8 ikistuka sana, ni ishara ya kosa, na kosa hutafutwa.

Atafutaje? Karani yeyote ajua kwamba jambo lisiloandikwa hupotea. Basi msomaji wetu achukue daftari, aweke safu nne: gia gani, mizunguko mingapi ya injini, injini ya baridi au ya moto, na jambo lililotokea. Atafute barabara tupu, mchana, isiyo na watoto wa shule wala pikipiki nyuma yake, na kando yake akae mtu wa kuandika. Asijaribu juu ya daraja la Kilifi. Tangu lilipofunguliwa mwaka 1991 badala ya kivuko, magari hayaishi hapo, na motokaa inayostuka mbele ya lori si jambo la majaribio.

Jaribio la kwanza ni la klachi, wala halina gharama. Aende katika gia ya tatu kwa mwendo wa kadiri, aachie mafuta, na motokaa ikianza kustuka akanyage klachi mara moja. Mistuko ikikoma na injini ikatulia katika mzunguko wake wa kusimama, shabaha ni ile kamba ya chuma, au namna petroli inavyokatwa na kurudishwa. Mistuko ikikoma lakini injini ikawa inapanda na kushuka, au ikazimika, shabaha ni hewa, petroli au cheche. Na kama injini imetulia kabisa lakini motokaa ingali inatikisika, basi asiilaumu injini. Atazame breki, magurudumu na tairi.

Jaribio la pili ni la mzigo. Apande mlima, kwa mfano barabara itokayo Mavueni kwenda Kaloleni, akiwa amekanyaga mafuta vya kutosha. Koili dhaifu hujulikana zaidi wakati injini inapobeba mzigo. Motokaa hukohoa, na taa ya injini katika dashibodi huweza kumeta-meta. Taa ikimeta-meta, asiendelee kwa ukaidi. Petroli isiyowaka huchomekea katika katalitiki iliyomo kwenye bomba la moshi, na katalitiki ikiyeyuka na kuziba, moto hurudi kwenye injini na kuiharibu kweli kweli. Hapo ndipo usemi wa wazee huthibitika, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa tuseme neno moja juu ya hukumu ya yule fundi. Injini iliyokwisha, yaani ambayo sili zake zimelika, haingoji dereva aachie mafuta ndipo ionyeshe ugonjwa. Hukataa kuwaka ikiwa moto, hukosa nguvu mlimani, husimama kwa kutetemeka. Msomaji wetu amesema kwamba akienda mbio motokaa hutulia, wala hakutaja taabu ya kuiwasha. Ushahidi huo hautoshi kuifungulia injini, lakini wadhoofisha sana mashtaka dhidi yake.

Baada ya majaribio hayo, vitu vipimwe kwa utaratibu, kuanzia vya bei ndogo hadi vya bei kubwa, na kibadilishwe kimoja kwa wakati mmoja. Wakibadilisha vitano kwa siku moja na motokaa ikapona, hakuna atakayejua ni kipi kilichoiponya, na mwenye mali amelipia vinne bure.

Kwanza, isomwe kompyuta. Kisomaji kidogo chatosha. Namba P0301 yaonyesha kwamba rota ya mbele haiwaki sawasawa, P0302 ni rota ya nyuma, na P0300 haisemi ni ipi. Hizi ni dalili tu. Namba haimwambii mtu anunue kitu gani.

Pili, zitazamwe plagi, nyaya na koili. Kwetu pwani chumvi ya bahari huingia kila mahali, hasa upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini na unyevu ukajaa. Soketi za nyaya hufanya kutu ya kijani, na waya wa kuunganisha betri na bodi ya motokaa hulika chini ya skrubu bila kuonekana. Kuusafisha waya huo ni kazi ya saa moja, na mara nyingi hupuuzwa kwa sababu ni rahisi mno. Koili za RX-8 zajulikana kuchoka zinapopata umri. Zikibadilishwa, zibadilishwe zote nne.

Tatu, hewa. Filta isafishwe au ibadilishwe. Sensa ya kupima hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu, wala isiguswe kwa kidole au kitambaa. Mlango wa hewa, ambao mafundi huuita throto, ukiwa na masizi hushindwa kufunga vizuri. Mipira ya hewa hupasuka kwa joto. Fundi asikilize mlio wa filimbi nyembamba, au arashie maji kidogo juu ya viungo wakati injini inazunguka, na sauti ikibadilika amepata tundu. Katika RX-7 za zamani zenye waya wa mafuta, atazame pia kama waya umelegea, na kama kile kifaa kinachochelewesha kufunga kwa mlango wa hewa kingali kinafanya kazi. Kifaa hicho kikifa, mlango hufunga kwa kishindo, na motokaa hupiga kichwa kama mbuzi.

Nne, ile kamba ya chuma. Injini imelazwa juu ya mauntingi, yaani mipira minene yenye vyuma. Joto la bomba la moshi huikausha mipira hiyo mpaka ikakatika. Boneti ikiwa wazi na breki zimeshikwa imara, msaidizi akiachia klachi kidogo tu, injini haipaswi kuruka kama inayotaka kutoka. Kisha, injini imezimwa na gia ya kwanza imetiwa, motokaa isukumwe mbele na nyuma pole pole. Ikilia "koko, koko" kabla ya kushika, uwazi ni mwingi, na viungo vya shafti, mipira ya giaboksi na difu vikaguliwe. Anayeingia chini asitegemee jeki peke yake. Aweke stendi imara, maana jeki haina ahadi na mtu.

Tano, na mwisho kabisa, kompresheni. Hapa ndipo mafundi wengi wa pistoni hukosea bila kujua. Kipimo cha kawaida hushika namba kubwa peke yake, lakini rota ina mbavu tatu, na ubavu mmoja wenye afya huficha mbili zilizo wagonjwa. Yatakiwa kipimo maalumu cha injini za kuzunguka, kionyeshacho mbavu tatu mbalimbali pamoja na kasi ya kuzungushwa kwa injini. Kwa RX-8, Mazda waliweka kiwango cha chini kuwa kilopaskali 680, injini ikizungushwa mara 250 kwa dakika. Fundi atakayekuja na karatasi yenye namba sita, tatu za rota ya mbele na tatu za rota ya nyuma, na zote zikawa chini ya kiwango hicho, huyo astahili kusema kwamba injini imekwisha, na hapo tutamwamini. Anayesema kwa sikio lake tu, tumheshimu kwa umri wake, lakini arubuni ibaki mfukoni.

Onyo moja kwa siku ya kwenda gereji: injini ya kuzunguka ikiwashwa baridi, isogezwe hatua chache, kisha ikazimwa mara moja, hulowa petroli ndani na huweza kukataa kuwaka tena. Iachwe ipate moto kwanza. Na oili itazamwe mara kwa mara, maana injini hii huchoma oili kidogo kwa kusudi, ili kuzilainisha sili zake. Mtu anayengoja taa ya oili iwake amechelewa.

Na wakati kosa likitafutwa, dereva aweza kuipunguzia motokaa mateso. Asiuondoe mguu juu ya mafuta kwa ghafula, bali auinue polepole, kama mtu anayeshusha mtungi wa maji. Asiiache motokaa katika gia kubwa mpaka injini inaguna. Mizunguko ikishuka karibu na ya kusimama, akanyage klachi au ateremshe gia mapema. Katika msongamano wa Mtwapa asitambae kwa gia ya kwanza akikanyaga na kuachia kila hatua; aache nafasi mbele yake, kisha aende mara moja. Motokaa ikipona kwa kubadili mguu peke yake, hilo nalo liandikwe katika daftari, maana ni jibu.

Lakini ikiwa injini huzimika motokaa ikiwa mbioni, asiendeshe mpaka itengenezwe. Injini ikizimika, nguvu ya kusaidia breki hubaki kwa kukanyaga mara chache tu, kisha kanyagio huwa gumu kama jiwe, na usukani nao huweza kuwa mzito. Barabara ya Malindi ina watu wa miguu, baiskeli, pikipiki na mabasi yaendayo kasi. Mistuko ya dereva mmoja yaweza kuwa msiba wa nyumba nyingine kabisa.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Kilifi, arubuni yako ishike. Rudi kwa fundi wako kwa adabu, usimfedheheshe mbele ya wanafunzi wake. Mpe daftari, mwombe mwanzie kwenye waya wa betri, plagi na koili, na kila kifaa kikitolewa ukione kwa macho yako. Akikubali, umempata fundi. Akikataa kutazama daftari, tafuta mwingine mwenye kipimo cha rota, hata kama ni lazima uende Mombasa. Utakapopata zile namba sita, tuandikie, tuwajulishe na wenzako.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumza juu ya chumvi ya bahari na mabomba ya breki, kwa kuwa wasomaji wawili wa Malindi wamekwisha kuuliza. Wasalaam.